Niachieni papai, tuzungumze mafuta ya gari

Jumapili shemeji yangu kanirushia papai tena. Tulikuwa kwenye arobaini ya mtoto, pilau bado jikoni, ubishi ukafika kwa hayati Magufuli na korona. Shemeji, CCM damu, akanigeukia mimi mtu wa maabara: "Si hata papai mlilikuta na korona nyie?" Kabla sijajibu, binamu yake wa upinzani akadakia kwamba papai lile ndio ushahidi kuwa rais alitufanya watoto. Jamani. Tangu 2020, papai lilelile!

Ilikuwa Chato, tarehe 3 Mei, siku anaapishwa Mwigulu Nchemba kuwa Waziri wa Katiba na Sheria. Rais akaeleza kwamba maabara ya taifa ilipelekewa kimyakimya sampuli zilizopewa majina ya watu. Papai, mwanamke wa miaka 26: chanya. Mbuzi chanya, kware chanya. Fenesi halikueleweka. Mafuta ya gari, hasi.

Nianze na binamu. Kuitegea maabara sampuli si uhuni. Maabara yoyote makini huletewa sampuli ambazo mletaji anajua majibu yake na mpimaji hajui. Rais mwenye shahada ya udaktari wa kemia kufikiria hivyo wala si ajabu. Ila mitego hiyo huandaliwa kwa utaratibu, na kila mkono uliogusa huandikwa. Papai lile lilishikwa na nani? Na huyo aliyelishika, alikuwa mzima?

Shemeji naye asikie. PCR, kipimo chenyewe cha korona, kazi yake ni kunakili chembe za urithi za kirusi mpaka zionekane. Chembe kiduchu ikiruka kutoka kishimo cha jirani kwenye sahani ya vishimo 96, imekuwa chanya. Ndiyo maana kila tunapopima tunaweka kontroli hasi, maji matupu. Maji yakiwaka, yaani yakisoma chanya, sahani nzima inakwenda na maji. Niliwahi kutupa ya kwangu saa tisa usiku, pipeti inanitetemeka mkononi, na asubuhi sampuli zote zikaanza upya. Kwa hiyo swali ni dogo tu: siku ya papai, kontroli hasi ilisomaje? Sijasikia kijiwe hata kimoja kikiliuliza.

Sasa mafuta, maana hapa ndipo ninapokereka. Vitendanishi vingi vya korona hutafuta pia jeni ya binadamu, kuhakikisha swabu, kile kijiti cha pamba, ilipita puani kweli. Jeni hiyo ikikosekana na kirusi pia hakipo, jibu haliwi hasi. Ni batili, rudia. Mafuta ya gari yana pua? Fenesi kutoeleweka ndilo jibu la heshima kuliko yote siku ile, na watu walilicheka! Mafuta kutoka hasi ndiko kungeninyima usingizi. Kungeninyima, nasema, kwa sababu vipo vitendanishi ambavyo kontroli yake si jeni ya binadamu, bali tunaitia wenyewe wakati wa kutoa RNA (chembe za urithi za kirusi) kwenye sampuli, na hivyo havijali kama kuna mtu au hakuna. Kwa vitendanishi vya aina hiyo, hasi ya mafuta ni halali kabisa. Bila kuona boksi la vitendanishi vilivyotumika, hata mimi napiga ramli.

Na tuseme lisemwalo chumbani: mstari wa mashine ukichelewa kupanda mpaka mzunguko wa 38 wa kunakili, mmoja wetu anasaini chanya, mwenzake anarudia. Nimefanya yote mawili, wiki moja.

Papai lilionyesha, likionyesha sana, kwamba mahali fulani kati ya swabu na karatasi ya majibu pamevuja. Panapovuja panazibwa. Sisi takwimu zilikoma kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na Juni tukatangaziwa kwamba korona imeondoka. Hapo ndipo mimi na shemeji tunapogombana kihalali: si kwa nini rais alitega, bali kwa nini baada ya mtego hatukuhesabu tena mpaka 2021. Binamu akachangamka, akaanza kutaja idadi ya waliokufa. Nikamuuliza kaipata kwa kipimo gani. Kimya.

"Mbuzi naye alipewa jina?" shemeji akauliza. Sinia likatua katikati yetu. Nyama ilikuwa ya mbuzi.