Usilipe kabla hujamuuliza mkutubi: dhana potofu kuhusu makala za utafiti

Mwanafunzi wa uzamili wa Mlimani, Muhimbili au Ardhi akifika kwenye mapitio ya maandiko, ndipo anapogonga ukuta. Anafungua makala, anasoma ikisiri, yaani muhtasari wake, kisha inajitokeza bei: dola 30, 35, au 40 na ushei, kwa makala moja tu. Wengi huifunga wakatafuta nyingine. Wengine huinukuu kwa kutegemea ikisiri, jambo ambalo ni baya zaidi. Mimi ni mkutubi wa chuo hapa Dar es Salaam, na kinachoniuma ni kwamba makala nyingi za namna hiyo mwanafunzi huyo alikuwa na haki ya kuzisoma nzima bila kutoa hata senti. Kilichomkwamisha ni maneno yaliyozagaa madarasani, kwenye makundi ya WhatsApp na hata ofisini kwa wahadhiri.

"Siku hizi kila kitu kiko Google, maktaba ya nini?"

Google inakuonesha kwamba makala ipo. Kuisoma ni habari nyingine. Majarida mengi yenye jina bado yanauzwa kwa usajili wa mwaka, na bei zake zimewachosha hata wenye uwezo. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Harvard kiliwaandikia walimu wake kwamba majarida yanakigharimu karibu dola milioni 3.75 kwa mwaka, na kwamba hali hiyo haiwezi kuendelea. Mwaka 2019 University of California ilivunja mazungumzo na Elsevier, mchapishaji mkubwa wa majarida, ikakaa bila mkataba hadi 2021.

Tena kuna badiliko ambalo wasomaji wengi hawajaliona. Jarida la karatasi likishanunuliwa ni mali ya maktaba. Hata chuo kikiacha kulipia, matoleo ya nyuma yanabaki rafuni. La kielektroniki mara nyingi chuo kinalipia ruhusa ya kusoma tu. Mkataba ukiisha, hata toleo la miaka 10 iliyopita linaweza kufungwa, isipokuwa kama waliosaini walikumbuka kudai haki ya kubaki na yale yaliyokwisha kulipiwa. Kuisoma mikataba hiyo mstari kwa mstari sasa ni kazi ya mkutubi. Ukimkuta amekaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi, huenda ndicho anachofanya.

"Vyuo vyetu havina hela, kwa hiyo majarida hatuna"

Hela kweli ni kidogo. Lakini kuna hatua zilizochukuliwa zamani ambazo walengwa wengi hawajawahi kuzisikia. Januari 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji 6 wakubwa walianzisha Hinari, ikiwa na majarida kama 1,500 ya tiba na afya, ili nchi zenye kipato kidogo zisome bure au kwa bei nafuu. Mwaka 2003 ikafuata AGORA ya kilimo chini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo, 2006 OARE ya mazingira, 2009 ARDI ya sayansi na teknolojia, na 2018 GOALI ya sheria. Zote tano zinaitwa kwa pamoja Research4Life. Taasisi za nchi za kundi A hazilipi chochote, za kundi B hulipa ada ndogo. Tanzania imo kundi A.

Hapa nyumbani kuna COTUL, umoja wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti, ambao hujadili bei na masharti kwa niaba ya wanachama wake badala ya kila chuo kwenda kivyake. Hushirikiana na EIFL, shirika la kimataifa linalosaidia maktaba za nchi kama yetu.

Sasa kwa nini mwanafunzi anaona bei? Kwa sababu amepita mlango usio wake. Akiwa Mabibo au Mbagala anatafuta kwa bando la simu, tovuti ya mchapishaji haina namna ya kujua kwamba yeye ni wa chuo fulani. Inamwona kama mpita njia, inamtajia bei. Inabidi aingie kupitia lango la Research4Life kwa jina na nywila za taasisi yake, au kupitia mfumo ambao chuo kimeuweka kwa walio nje ya kampasi. Makala ileile iliyokuwa na bei inafunguka.

Nywila hizo hazibandikwi ukutani wala hazitupwi kwenye kundi la WhatsApp, na wapo wanaodhani tunabana kwa roho mbaya. Mchapishaji akiona mtu amepakua mamia ya makala kwa usiku mmoja, anaweza kukifungia chuo kizima, na wanaoumia ni wenzako walio katikati ya tasnifu. Njoo dawatini au andika barua pepe, utapewa na kuelekezwa. Niseme pia kwamba si kila jarida limo. Baadhi ya wachapishaji huyaacha nje baadhi ya majarida yao. Kwa hayo tuna njia nyingine: nakili kichwa cha makala kizima ukibandike kwenye Google Scholar, kisha fungua kiungo cha matoleo yote kilicho chini yake. Mara nyingi nakala halali iko kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo cha mwandishi mwenyewe.

"Jarida huria ni jarida hafifu"

Jarida huria ni lile ambalo yeyote anaweza kulisoma bila malipo, na maneno haya nimeyasikia kwa watu wenye heshima zao. Tamko la Budapest la mwaka 2002, ambalo ndilo lililoupa msukumo mwendo huu, lilitaka makala zilizohakikiwa na wanataaluma ziweze kusomwa na yeyote bila malipo. Hakuna mahali liliposema uhakiki uondolewe. Kilichobadilika ni nani analipa na nani anasoma.

Malipo ya msomaji hayajawahi kuwa kinga. Makala ya 1998 iliyohusisha chanjo ya surua na usonji ilichapwa na The Lancet, jarida la kulipia lenye sifa dunia nzima, na haikufutwa hadi 2010. Na huria nako hakuna kinga: mwaka 2023 majarida ya mchapishaji Hindawi, ambayo yote yalikuwa huria, yalifuta makala zaidi ya 8,000 baada ya kubainika kwamba uhakiki ulichezewa. Ubora unatoka kwa wahariri na wahakiki, basi jarida lipimwe kwa hao. Na anayedharau huria kwa jumla anajinyima hata vya jirani: Tanzania Journal of Science na Kioo cha Lugha, yote ya hapo Mlimani, yanapatikana kupitia African Journals Online, jukwaa lililoanza mwaka 1998 kwa ajili ya majarida ya Afrika.

"Kuchapisha huria lazima uwe na maelfu ya dola"

Chanzo cha hofu hii kinaeleweka. Jarida la Nature lilipofungua njia ya huria, ada iliyotangazwa ilikuwa euro 9,500 kwa makala. Mhadhiri akisoma habari hiyo anahitimisha kwamba huria ni ya matajiri.

DOAJ, orodha iliyoanzishwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden, ina majarida huria zaidi ya 20,000 yaliyokaguliwa, na takriban theluthi mbili yake hayamtozi mwandishi chochote. Yanaendeshwa na vyuo, vyama vya kitaaluma au serikali. Unaweza kuchuja orodha hiyo ubaki na yasiyotoza ada peke yake.

Hata yanayotoza, wachapishaji wengi wakubwa huwasamehe ada waandishi wa nchi za kundi A. Hapa ndipo watu wengi hupoteza haki yao bila kujua. Kwanza, msamaha kwa kawaida ni wa majarida yaliyo huria moja kwa moja, si yale ya mseto yanayouza usajili huku yakitoza ada kwa makala mojamoja. Pili, masharti hayafanani: mchapishaji mmoja huangalia mwandishi wa mawasiliano, yule anayeandikiana na jarida kwa niaba ya wenzake, yuko nchi gani, mwingine hutaka waandishi wote wawe wa nchi zinazostahili. Ukimweka mwenzako wa Ulaya kuwa mwandishi wa mawasiliano kwa heshima tu, unaweza kuletewa ankara ambayo isingekuwepo. Tatu, wako wanaotaka uombe wakati unawasilisha makala. Ukisubiri ikubaliwe, dirisha limefungwa. Kwa hiyo njoo tuangalie jarida kabla hujabofya kitufe cha kutuma. Kazi ya nusu saa inaokoa mamilioni ya shilingi.

"Wamenialika wenyewe, wana ISSN, na wanachapisha haraka"

Barua pepe hizi tunazijua kwa harufu. Inamwita mwanafunzi wa uzamili "Profesa mashuhuri". Inasifu makala yake kuhusu saruji, kisha inamwomba aandike kwenye jarida la magonjwa ya moyo. Inaahidi uhakiki ndani ya saa 72. Ada haitajwi hadi makala ikubaliwe, na ukitaka kujitoa unadaiwa ada ya kujitoa.

ISSN ni namba ya utambulisho wa chapisho tu, haipimi ubora. Kile wanachokiita kipimo cha athari, namba ya kuonesha makala za jarida hunukuliwa kiasi gani, mara nyingi kimetolewa na kampuni iliyoundwa kwa ajili ya kuuza vipimo hivyo. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliiamuru OMICS, kampuni iliyokuwa ikiendesha mamia ya majarida, kulipa zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwadanganya watafiti kuhusu uhakiki na ada. Hilo lilikuwa dubwana. Vidogo vinazaliwa kila siku.

Watu wanapenda kuomba orodha ya majarida mabaya. Ile iliyokuwa maarufu, ya mkutubi Jeffrey Beall wa Colorado, aliiondoa mtandaoni Januari 2017, na nakala zinazozunguka ni za watu wengine. Mimi sitegemei orodha. Nafungua makala tatu za toleo la karibuni nizisome: Kiingereza kimekaa sawa, mbinu zimeelezwa, marejeo ni ya kweli? Natafuta jina la mhariri mkuu kwenye tovuti ya chuo chake, nione kama mwenyewe ameitaja kazi hiyo, kisha namwandikia. Wapo wahariri waliotujibu kwamba hawajawahi kulisikia jarida hilo. Halafu naangalia DOAJ, na naangalia anwani ya tovuti herufi kwa herufi, kwa sababu yako majarida halali ambayo matapeli wameyafungulia tovuti pacha.

Madhara yake yanamkuta mtu baadaye. Kamati ya kupandisha vyeo inaikataa makala, naye hawezi kuipeleka jarida zuri kwa sababu imeshachapishwa. Programu ya kupima ufanano wa maandishi itaikamata mara moja. Data za miaka miwili za kuzungukia wagonjwa au mashamba zinakuwa zimezikwa mahali ambapo hakuna atakayezinukuu. Hilo linanisikitisha kuliko hata hela.

"Tasnifu yangu ikiwekwa mtandaoni itaibwa"

Iliyofichwa rafuni ndiyo rahisi kuibwa, maana hakuna programu itakayoigundua. Ikiwa kwenye hazina ya chuo ina tarehe, ina jina lako, na mwizi anaonekana. Kwa makala, wachapishaji wengi huruhusu uweke hazinani ile nakala ya mwisho uliyoituma baada ya uhakiki, kabla hawajaipanga kurasa, wakati mwingine baada ya miezi kadhaa ya kusubiri. Usiifute nakala hiyo. Kila mara tunaombwa tuwawekee watu makala, na kilichobaki mikononi mwao ni PDF ya mchapishaji peke yake, ambayo mara nyingi hairuhusiwi.

"Akili mnemba itanitafutia marejeo"

Inaweza kukusaidia kupata maneno ya kutafutia. Marejeo yenyewe, kagua moja baada ya jingine. Tunaletewa orodha ambamo mwandishi ni wa kweli, jarida ni la kweli, mwaka unaingia akilini, lakini makala haipo na haijawahi kuandikwa. Kurasa zilizotajwa zina kazi ya mtu mwingine kabisa. Kipimo chepesi ni namba ya DOI, utambulisho wa kudumu wa makala, ile inayoanza na 10: ibandike kwenye doi.org. Ikikataa, au ikikupeleka kwenye mada nyingine, rejeo hilo liondoe, na sentensi iliyoliegemea nayo uitazame upya. Msimamizi asiyekagua leo atakaguliwa na mtahini wa nje kesho.

"Nimeshamaliza chuo, hayo hayanihusu"

Yanakuhusu sana kama wewe ni muuguzi Temeke, mwalimu Kigamboni au ofisa wa mazingira kwenye halmashauri. PubMed Central, hifadhi ya bure ya makala za tiba, na DOAJ haziulizi kitambulisho. Makala iliyofungwa, mwandikie mwandishi kwa barua pepe iliyoko kwenye ukurasa wa ikisiri. Wengi wanaruhusiwa kumtumia msomaji nakala, na hufurahi kuombwa. Na hospitali ya umma, ofisi ya serikali au asasi ya kiraia ya hapa nchini inaweza kuomba kusajiliwa Research4Life yenyewe, bila kupitia chuo. Fomu iko kwenye tovuti yao. Anatakiwa mtu mmoja wa kutunza nywila na kuwafundisha wenzake. Kama ofisini kwenu hakuna mkutubi, maktaba ya chuo kilicho jirani itamwelekeza huyo mtu namna ya kuanza.