Diski Haijafa

Kompyuta ikigoma kuwaka baada ya kupandishwa toleo la Windows, hukumu hutoka haraka: diski imekufa, nunua nyingine, la sivyo ipigwe Windows upya. Imani hii ni ya miaka mingi, na imefuta picha za harusi za watu wengi bila sababu.

Mara nyingi kilichoharibika ni njia ya kuifikia diski, wala si diski. Mashine inapowashwa hutafuta faili chache za kuanzishia zilizo kwenye kijisehemu kidogo cha diski. Zikikosekana, skrini nyeusi inadai hakuna diski ya kuwashia, ingawa mafaili yako yote yapo.

Mfano mzuri ni Windows 11, iliyotoka 2021. Inataka UEFI (njia mpya ya kuwashia kompyuta), basi mtu anaingia BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows, na kubadili mpangilio kabla diski yake iliyogawanywa kwa mtindo wa zamani, MBR, haijageuzwa kuwa ya mtindo mpya, GPT. Windows haiwaki tena. Rudisha mpangilio wa awali, iwake, kisha tumia mbr2gpt, programu ya Windows inayogeuza diski bila kufuta kitu (nakala muhimu weka pembeni hata hivyo), ndipo uweke UEFI.

Kwa hiyo anzia BIOS: jina la diski linaonekana? Likionekana, washa mashine kwa flashi yenye Linux (mfumo mwingine badala ya Windows), bila kuusakinisha, ujaribu kufungua mafaili. Ukiombwa ufunguo wa BitLocker (kufuli ya Windows ya kulinda diski) wenye tarakimu 48, utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft. Jina lisipoonekana, kagua waya kwanza. Diski ya kuzunguka ikigonga tik-tik mfululizo, hapo kweli ni ugonjwa: izime, mpelekee fundi wa kuokoa data.