Kloni ya gemu ni nini?

"Mjomba, hii si ile yenyewe. Hii feki." Mpwa wangu aliniambia hivyo tukiwa saiba moja ya Mwembe Tayari, Mombasa, kisha akanisogezea kibodi. Gemu alikuwa amewekewa na rafiki yake kwenye flashi. Ndani yake mtu mdogo anachimba udongo, anaokota almasi na kukimbia mawe. Jina lake sikuwahi kulisikia, na picha zimechorwa na mkono usio na ufundi. Lakini feki haikuwa. Ilikuwa kloni.

Kloni ni gemu iliyoandikwa upya tangu mstari wa kwanza, ikifuata kanuni za gemu nyingine bila kuchukua programu yake. Feki ni ileile ya mwenyewe, imenakiliwa na kuuzwa na asiye mwenyewe.

Pita Biashara Street utazame leso. Zote zina pindo, mji na jina, na hakuna anayeitwa mwizi kwa sababu leso yake ina pindo. Achukue sasa maua ya mwenzake, rangi zilezile na jina lilelile, ndipo kelele zitakapoanza. Hakimiliki nayo huenda njia hiyo: wazo la jiwe kuanguka halina mwenyewe, ila michoro, muziki na programu vina wenyewe. Mwaka 2012 mahakama moja ya Marekani iliamua dhidi ya kampuni iliyotengeneza gemu mfano wa Tetris, ile ya kupanga matofali yanayoshuka, kwa kuwa haikuishia kwenye kanuni, iliiga hata sura.

Mama wa gemu hizi za kuchimba na kukwepa mawe ni Boulder Dash, iliyotoka mwaka 1984 kwa kompyuta za Atari. Walioibuni ni Peter Liepa na Chris Gray wa Kanada, na mchimbaji wake anaitwa Rockford. Ukiisikia tu, utaona jambo dogo: okota almasi za kutosha, mlango ufunguke, utoke kabla ya muda kwisha. Utamu uko kwenye mawe. Jiwe lililokalia udongo halitikisiki. Ukiuchimba udongo ulio chini yake, linashuka. Likitua juu ya jiwe jenzake na pembeni pakiwa wazi, linabingirika. Na hapa ndipo wageni wanapokufa: unaweza kusimama chini ya jiwe lililotulia, likakaa juu ya kichwa chako kama mtungi, usidhurike. Teremka hatua moja tu, jiwe linaanza mwendo, na lenye mwendo linaua.

Kuna na wadudu. Kipepeo akiangukiwa na jiwe hulipuka akageuka almasi, kwa hiyo kuna mapango, yaani hatua za gemu, ambayo huna pa kupata mali ila kwa kumtegea kipepeo. Kuna kitu mfano wa ukungu kinachotambaa na kukua. Ukikizingira kisipate pa kwenda, chote kinageuka almasi. Ukizembea kikapita kiasi, kinageuka mawe matupu. Mimi hicho ndicho ninachokipenda kuliko vyote, maana unakaa unangoja huku saa inakwenda.

Ugumu wa kuandika kloni unaanzia kwenye mambo haya. Kompyuta hulipitia pango kisanduku kwa kisanduku, kutoka juu kushuka chini, kushoto kwenda kulia, ikiuliza kila kimoja kama kitasogea. Badili mpangilio huo, hata kama picha ni zilezile, mawe mawili yanayogombea nafasi moja yatamalizana vingine, na pango lililokuwa na njia ya kutoka likawa halina. Mwenye kuijua gemu ya asili anahisi kasoro hiyo vidoleni kabla hajaiona kwa macho.

Wengine wamebadili kwa makusudi. Repton ya mwaka 1985 iliandikwa Uingereza na kijana Tim Tyler, na ndani yake almasi hazianguki, zimekaa tu. Emerald Mine ya mwaka 1987, kwenye kompyuta za Amiga, iliruhusu watu wawili wachimbe pamoja. Supaplex ya 1991 ilimtoa mchimbaji pangoni ikamweka ndani ya kompyuta, akawa mpira mwekundu aitwaye Murphy. Zote hizo ziliuzwa madukani.

Kloni za mashabiki hazitafuti pesa. Mojawapo iliyo maarufu ni Rocks'n'Diamonds ya Holger Schemel, iliyoanza mwaka 1995. Ni ya bure, msimbo wake, yaani maandishi ya programu, uko wazi kwa yeyote, na inacheza mapango ya mtindo wa Boulder Dash, Emerald Mine na hata Supaplex. Chini yake ziko nyingine chungu nzima zisizojulikana, kazi ya mtu mmoja na usiku wake, zinapita flashi hadi flashi. Ya mpwa wangu ilikuwa katika hizo.

Nikaijaribu kwa kipimo changu. Nikasimama chini ya jiwe: likatulia kichwani. Nikateremka hatua moja: nikafa.

"Huyu aliyeiandika aliicheza ile yenyewe," nikamwambia.

"Sasa mbona umekufa, mjomba?"

Akaninyang'anya kibodi.