Kipimo cha mimba cha famasi, mbwa hakimhusu

Watu wangu wa Kampala, hebu acheni kununua zile stripu za famasi mnachovya kwenye mkojo wa mbwa. Mtu ananiletea yenye mstari mmoja, analalamika hela aliyolipia dume imepotea, kumbe mbwa amejaa watoto. Ile stripu inatafuta hCG, homoni ya kondo la binadamu, mbwa hana hiyo kitu kabisa.

Mbwa ana mambo yake bwana. Kwa mwanamke kondo la nyuma linafika mahali linatengeneza projesteroni, homoni inayoshika mimba, lenyewe, mimba haitegemei ovari tena. Kwa mbwa wapi, kondo lake halitengenezi projesteroni, kazi yote tangu mwanzo mpaka kuzaa ni ya ovari, pale mayai yalipotoka panabaki vijivimbe ndio vinaitoa, na kuanzia katikati ya mimba vinategemea prolaktini, homoni ya maziwa kutoka kichwani, la sivyo vinakufa. Ukimtoa ovari akiwa na mimba ya wiki yoyote, mimba imekwisha.

Na vile vijivimbe havijui kama mbwa kapandwa au hapana! Projesteroni inapanda vilevile, inakaa juu kama miezi miwili vilevile, sasa ukilipa maabara waipime ili ujue kama kabeba umetupa hela. Ikishuka, prolaktini inapanda, basi mbwa ambaye hajaona dume anatoa maziwa, anakusanya matambara atandike, majirani wanaanza maneno ya uchawi.

Homoni ya mimba kweli ni moja tu, relaksini, hiyo ndiyo inatoka kwa kondo, inaonekana kwa damu kama wiki ya nne. Lakini inaweza kubaki kidogo hata watoto wakifa tumboni, ndio maana mimi napenda ultrasaundi, unaona moyo unapiga, maneno kwisha.

Siku ya kuzaa projesteroni lazima ianguke. Kondo linaachia kemikali ziitwazo prostaglandini, zinamalizia vile vijivimbe, projesteroni inateremka chini ya nanogramu 2 kwa mililita, joto la mwili linashuka karibu digrii 37 na mara nyingi watoto wanafuata ndani ya siku moja. Kwa hiyo yule anayemdunga mbwa projesteroni "kushika mimba" bila kupima anaweza kuzuia kuzaa kabisa, watoto wakaozea ndani. Na msikimbilie oksitosini, dawa ya kuleta uchungu, eti siku zimepita, zile siku 63 za mimba ya mbwa zinahesabiwa tangu yai litoke, ukihesabu tangu kupandwa unaweza kupata 57 au hata 72 na bado ni sawa tu.

Uchafu wa kijani usiwatishe mtoto wa kwanza akishatoka, ni rangi ya pembeni mwa kondo. Ukitoka kabla yake na hakuna mtoto anayekuja, kondo limeshaanza kubanduka, mleteni saa hiyohiyo, hata usiku.