Je, wajua kwa nini Heimdall halali?

Katika hadithi za kale za Skandinavia, miungu waliishi Asgard, na daraja la kutoka duniani kwenda kwao liliitwa Bifröst. Ndilo hilo tunaloliona kama upinde wa mvua. Kwenye ncha yake ya juu, mahali paitwapo Himinbjörg, alikaa Heimdall, mlinzi wa miungu. Snorri Sturluson wa Iceland, aliyeziandika hadithi hizi katika karne ya 13, anasema Heimdall anahitaji usingizi mdogo kuliko ndege. Usiku na mchana kwake ni mamoja, macho yake yanafika mbali mno, na masikio yake husikia majani yakiota ardhini na sufu ikiota mwilini mwa kondoo.

Mbona ulinzi mkali kiasi hicho? Jibu liko kwenye daraja lenyewe. Snorri anaeleza kwamba ule wekundu wa upinde wa mvua ni moto unaowaka, uliowekwa ili majitu ya barafu na ya milimani yasipande mbinguni. Lakini upande wa kusini iko Muspell, nchi ya moto, na imetabiriwa kwamba watu wake watapita juu ya Bifröst na farasi wao mpaka livunjike. Mimi naona hapo ndipo umuhimu wa Heimdall unapoonekana. Moto utamzuia mtu wa barafu, si yule aliyezaliwa motoni. Adui wa namna hiyo hana kizuizi. Lililobaki ni kumwona mapema.

Basi, ingawa Heimdall ana upanga na farasi mwenye manyoya ya dhahabu shingoni, kitu chake hasa ni baragumu, Gjallarhorn, ambalo likipulizwa husikika katika ulimwengu wote. Katika kisiwa cha Man, huko Jurby, kuna kipande cha msalaba wa jiwe wa enzi za Waviking chenye mtu aliyechongwa akipuliza baragumu, na wengi wanaamini ndiye yeye.

Asili yake ni ya ajabu: alizaliwa na mama tisa, wote ndugu. Meno yake ni ya dhahabu. Hata hivyo kazi yake haikuwa ya fahari. Katika shairi la Lokasenna, Loki, mjanja na mchokozi anayeishi kati ya miungu, anaingia kwenye karamu na kuwatukana miungu mmoja baada ya mwingine. Zamu ya Heimdall inapofika, anamsuta kwamba amepangiwa maisha mabaya: kukesha daima, mgongo umelowa. Maneno hayo yananigusa kuliko sifa zote za Snorri, kwa sababu yanamwonyesha mlinzi wa kweli, anayenyeshewa wenzake wakinywa ndani.

Siku ya Ragnarök, vita vya mwisho, Heimdall atasimama na kulipuliza baragumu kwa nguvu zake zote. Miungu wataamka na kufanya baraza. Odin, mkuu wao, atakwenda kwenye kisima cha Mimir mwenye hekima kuomba shauri, kisha watavaa silaha na kutoka, ingawa wengi wao watakufa. Heimdall atapambana na Loki, ambaye siku hiyo atakuwa upande wa maadui, na hao wawili watauana.