Namba ya Mtutuni Haitoshi

Swali linalonijia mara nyingi kuliko yote huwa hivi: mtu amerithi au amenunua bunduki kuukuu ya kuwindia, ile inayomeza risasi moja tu kwa wakati, na mtutu wake ni mpana wa kutisha. Namba iliyochongwa ubavuni inalingana na namba ya risasi zinazouzwa leo. Risasi inaingia chemba, yaani nafasi yake nyuma ya mtutu, bila kulazimishwa. Basi, apige?

Asipige kwanza.

Kabla sijaeleza, tukubaliane maneno, maana Kiswahili chetu kinaita vyote risasi: ganda lenye baruti, kile kinachoruka, hata madini yenyewe. Humu nikisema ganda namaanisha kile kinachobaki chemba, na nikisema kichwa namaanisha kile kinachotoka.

Sasa tuitazame risasi ya .45-70. Jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1873 pamoja na bunduki ya Springfield yenye kifuniko kinachofunuka kwa juu. Namba 45 ni kipenyo kwa mia za inchi, na 70 ni greini za baruti nyeusi, yaani gramu nne na nusu hivi. Kichwa chake kilikuwa cha greini 405, gramu 26. Bunduki ilichongwa kwa ajili ya baruti hiyo na si zaidi. Ndiyo maana hadi leo viwango vya Marekani vimeweka ukomo wa risasi hii kwenye pauni 28,000 kwa inchi ya mraba, shinikizo dogo kwa mizani ya siku hizi. Lakini bunduki ya Ruger No. 1, iliyoingia sokoni mwaka 1967, nayo imetengenezewa chemba ya .45-70, na chuma chake huhimili shinikizo kubwa zaidi kwa mbali. Kwa hiyo zipo risasi zilizojazwa kwa nguvu kwa ajili ya bunduki za namna hiyo. Ganda ni lile lile. Ukiitia risasi hiyo yenye nguvu katika Springfield ya babu, itaingia vizuri kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kwa upande wa Uingereza mtego ni mbaya zaidi. Kulikuwa na risasi ya .450 yenye ganda la inchi tatu na robo, ya baruti nyeusi. Mwaka 1898 kampuni ya Rigby ikatumia ganda la aina hiyo na kulijaza kodaiti, baruti isiyo na moshi yenye shinikizo kubwa kuliko nyeusi, ikazaliwa .450 Nitro Express. Vua mbao ya mbele usome chini ya mtutu. Herufi NP chini ya taji maana yake mtutu ulijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Ukikuta maandishi kama CORDITE 70-480, hizo ni greini 70 za kodaiti nyuma ya kichwa cha greini 480. Sabini hiyo si ndugu wa sabini ya .45-70! Usipokuta alama yoyote ya namna hiyo, ihesabu bunduki yako kuwa ya baruti nyeusi mpaka fundi bunduki akuthibitishie vingine.

Watu hupenda kubishana kuhusu mtambo upi ni imara. Farquharson, mtambo wa Mskoti wa jina hilo, wa mwaka 1872, na Winchester ya 1885 aliyoibuni John Browning hufanya kazi kwa wazo moja: unavuta wenzo, bloku la chuma linashuka wima, chemba inakuwa wazi. Ukiurudisha, bloku linapanda na kuegemea chuma kinene cha fremu. Martini, ambayo Uingereza iliipokea mwaka 1871, bloku lake lina bawaba kwa nyuma na hushusha pua tu. Mimi ni mpenzi wa Farquharson, sifichi. Lakini udhaifu wa jamii hii haupo sana kwenye kufunga, upo kwenye kuchomoa ganda. Huko Sudan miaka ya 1880 maganda ya Martini-Henry, yaliyokunjwa kwa bati jembamba la shaba, yalikwama kwenye chemba zenye joto na mchanga. Baadaye wenzo ukarefushwa ili mkono upate nguvu. Ganda likianza kutoka kwa shida, usikilaumu kifaa cha kulichomoa. Punguza baruti.

Upana wa mtutu nao usiuamini kwa namba. Sukuma kipande cha risasi laini, ile ya madini, kipite chote kwa ufito, kisha ukipime kwa maikromita. Mitutu ya zamani hutofautiana, na kichwa kisichofunikwa shaba kinatakiwa kizidi mtutu kwa sehemu moja ya elfu ya inchi hivi, la sivyo gesi hupita pembeni na shabaha hupotea. Mlio wa kwanza upigwe bunduki ikiwa imefungwa kwenye egemeo, wewe uko nyuma ya kinga na kamba ya kifyatulio mkononi. Kisha lisome ganda: ufa karibu na kitako chake, au uvimbe, ni amri ya kusimama.

Mbao ndiyo niliyoipuuza mimi. Bunduki yangu ya kwanza ya aina hii ilikuwa nzuri ndani ya mtutu, lakini kitako kilikuwa kimenyonya mafuta ya miaka mingi pale kinapopakana na chuma. Mlio wa saba, shingo ya kitako ikapasuka: teke lilikuwa limeusukuma mkia wa fremu ndani ya mbao kama kabari. Sasa huacha upenyo mwembamba nyuma ya mkia huo, na bunduki huihifadhi mdomo ukitazama chini ili mafuta yasiteremkie mbaoni.

Porini, kumbuka kichwa hiki hakiendi kasi. .45-70 ya asili iliyolengwa kwa yadi 100 hushuka zaidi ya nusu mita kufikia yadi 200, basi sogea karibu. Risasi ya pili haimo ndani ya bunduki, imo mikononi mwako. Mimi hubana mbili katikati ya vidole vya mkono wa kushoto, vitako vya maganda vikitazama nje, na nyumbani hufanya mazoezi kwa maganda matupu ya bandia: wenzo chini, ganda nje, jingine ndani, jicho halitoki kwenye shabaha.