Torki ya stepa mota: ile namba ya kwenye datashiti inamaanisha nini, na unaipimaje mwenyewe

Kwa nyie mnaotengeneza vitu nyumbani huku Kigoma, iwe ni mashine ya kutotolesha vifaranga inayogeuza mayai yenyewe, kamashine ka kuchora mbao au mlango wa banda la kuku unaojifungua asubuhi, swali linalorudi kila mara kuhusu stepa mota, yaani mota inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo, ni hili, mota niliyonayo itabeba au haitabeba? Na jibu ambalo watu wanapeana ni "hiyo NEMA 17, inatosha", jibu ambalo kwa kweli halijasema chochote, maana NEMA 17 ni saizi ya uso wa mota tu, yaani inchi 1.7 ambayo ni kama milimita 42 kila upande, basi. Nyuma ya uso huo mota inaweza kuwa fupi ya milimita 34 au ndefu ya 48, na ile ndefu kwa kawaida ina nguvu zaidi, lakini zote ni NEMA 17.

Kinachotakiwa kujulikana ni torki. Torki ni nguvu ya kuzungusha, na inapatikana kwa kuzidisha msukumo na umbali kutoka katikati ya shafti. Nati ya tairi la bajaji ikikaza, spana fupi inakutesa, ukichomeka bomba spana ikawa ndefu nati inaachia, mkono ni uleule ila umbali umeongezeka. Kwa mota ni hivyo hivyo ila kwa kinyume, mota ina torki yake, na kadri unavyoweka mzigo mbali na shafti ndo inavyoweza kubeba kidogo. Vipimo utakavyokutana navyo ni viwili, kilo sentimita na niutoni sentimita, na kuhama kutoka kimoja kwenda kingine unazidisha kwa 9.8, kwa hiyo kilo sentimita 1 ni niutoni sentimita 9.8, wengi wanachukulia 10 na kwa hobi haina shida.

Tuchukue mota inayouzwa sana, 17HS4401. Datashiti, yaani karatasi ya vipimo vya mota, inasema ampea 1.7 kwa kila koili, torki niutoni sentimita 40, yaani kama kilo sentimita 4.1. Ukiiamini hiyo namba moja kwa moja unaona kwamba mkono wa sentimita 10 ukifungwa kwenye shafti utashikilia gramu 410 kwenye ncha. Sasa hapa ndo pa kusoma taratibu, kwa sababu hiyo 40 ni torki ya kushikilia, na torki ya kushikilia inapimwa mota ikiwa IMESIMAMA, koili zote mbili zina umeme, na kila koili inapita ampea 1.7 kamili. Yaani ni namba ya mota isiyotembea, kwenye kurenti ambayo pengine draiva yako, ile bodi ndogo inayoipa mota umeme, haiitoi. Mradi wako unatembea. Kwa hiyo 40 ni dari, huwezi kuivuka, na mara nyingi unafanya kazi chini yake kabisa.

Tuanze na kurenti maana hapo ndipo torki nyingi inapopotelea bila mtu kujua. Draiva ya A4988, ile ndogo nyekundu au ya kijani, ina kiskrubu cha kurekebisha kurenti, na unapima volti pale kwenye kiskrubu kwa multimita. Hesabu yake ni volti hiyo sawa na 8 mara ampea mara ukubwa wa rezista ndogo nyeusi zilizo pembeni ya chipu. Zikiandikwa R100 basi ampea 1 ni volti 0.8, zikiandikwa R068 ampea hiyohiyo ni volti 0.54, zikiwa R050 ni volti 0.4. Ukiiga namba ya mtu mwingine bila kuangalia rezista zako, unaweza ukawa unaipa mota nusu ya kurenti uliyodhani, au mara mbili.

Halafu kuna jambo la pili ambalo naona watu hawaambiwi. Ukiweka kikomo cha ampea 1 kwenye A4988, koili zote mbili zikiwaka kwa pamoja kwenye hatua kamili, kila moja haipati ampea 1, inapata asilimia 70 ya hapo, yaani ampea 0.7. Wakati yule aliyeandika datashiti ya mota alipima koili zote mbili zikiwa na 1.7 kila moja! Kwa hiyo usigawe 1 kwa 1.7 ukasema nitapata asilimia 59 ya torki, gawa 0.7 kwa 1.7 na unapata kama asilimia 42, ambayo kwa ile mota ya 40 ni niutoni sentimita 16 au 17 hivi. Ule mkono wa sentimita 10 sasa unashika kama gramu 170 badala ya 410. Mota nzima kabisa, haina ubovu wowote, na mtu anaitupa akisema ni feki.

Kipimo cha kwanza kinahakikisha hilo na hakigharimu kitu. Chukua kipande cha mbao chepesi au rula, toboa katikati kabisa, kifunge kwenye shafti imara kisichezecheze, pande zote mbili ziwe sawa ili uzito wa mbao wenyewe ujifute. Funga mota kwenye meza, mbao ilale sawa na sakafu, washa draiva mota ishikilie. Tundika chupa ya plastiki sentimita 10 kutoka katikati ya shafti, sio kutoka ukingoni, afu mimina maji kidogo kidogo. Utaona mbao inainama kidogo kabla ya kuachia, hiyo ni kawaida, mota ya nyuzi 1.8 kwa hatua inatoa torki yake kubwa kabisa pale inapokuwa imesukumwa karibu hatua moja kutoka mahali pake, ukipita hapo inaachia na chupa inashuka, weka godoro au gunia chini. Mililita moja ya maji ni gramu moja, ongeza uzito wa chupa na kamba, zidisha kwa 10, unayo torki kwa gramu sentimita, gawa kwa 1000 upate kilo sentimita. Kama una mzani wa ndoano kama ule wa kupimia migebuka pale Kibirizi unaweza kuvuta badala ya kumwaga maji, ila uvute wima na polepole, na ile mizani ya kilo 50 haitasoma vizuri gramu 200, tafuta mdogo.

Hiki kipimo kina faida kubwa zaidi kwa mota za kuchomoa kwenye printa mbovu, ambazo huku ndo nyingi tunazozipata na hazina datashiti wala lebo inayoeleweka. Nyingine hata hatua zake sio nyuzi 1.8, ni 7.5, yaani hatua 48 kwa mzunguko. Hapo hakuna wa kumuuliza, unapima.

Onyo moja la muhimu sana, usichomoe waya za mota draiva ikiwa na umeme, hata kwa sekunde, koili ikikatwa ghafla inarusha volti kubwa na draiva inakufa palepale. Zima kwanza. Na mota ikipata joto hadi unashindwa kuishika muda mrefu usiogope, nyingi zinavumilia, ni chipu ya draiva ndo inahitaji hitisinki, kile kipande cha chuma cha kutoa joto, A4988 bila hitisinki usiipeleke zaidi ya ampea 1 hivi.

Sasa tuje kwenye kutembea, ambako ndo moyo wa jambo lenyewe. Mota ikizunguka, draiva inatakiwa kuingiza kurenti kwenye koili, kuitoa, kuigeuza, tena na tena, na koili haikubali kurenti ibadilike ghafla, inachukua muda. Ile 17HS4401 koili yake ina omu 1.5 na milihenri 2.8, hiyo milihenri ndo kipimo cha ugumu wa koili kukubali kurenti ibadilike. Ukitaka mizunguko 600 kwa dakika ni hatua 2000 kwa sekunde, maana yake kila hatua ina nusu milisekunde tu. Kwa hesabu ya haraka, ukilisha draiva volti 24 kurenti inafika ampea 1.7 ndani ya kama milisekunde 0.2, inawahi. Ukilisha volti 12 inachukua kama 0.4 au zaidi kidogo, inawahi kwa shida. Na hapo bado mota yenyewe ikizunguka inazalisha umeme wake unaopingana na huo wa kwako, kwa hiyo hali halisi ni mbaya kuliko hesabu. Kurenti isipofika, torki haifiki. Ndo maana mota inayoshikilia vizuri ikisimama, inapiga kelele tu na kutetemeka ukiipa spidi, na dawa yake mara nyingi sio mota kubwa zaidi, ni volti zaidi kwenye draiva. A4988 inakubali mpaka 35, mimi ningekaa 24. Mtu akisoma kwenye datashiti "volti 2.55" anaogopa kuunguza, lakini hiyo 2.55 ni omu mara ampea tu, draiva ndo inayolinda kwa kudhibiti kurenti.

Kupima torki ya kutembea, weka puli kwenye shafti, iwe na nusu kipenyo cha sentimita 1 mpaka katikati ya kamba, tundika chupa, iache mota ivute juu. Kwa sababu ni sentimita 1, kilo ulizotundika ndo kilo sentimita zako moja kwa moja, hakuna hesabu. Anza spidi ndogo, ongeza maji mpaka ishindwe, andika, ongeza spidi, rudia. Utaona namba inashuka na kushuka. Usianzishe mota kwa spidi kubwa kutoka kusimama, itakwama hata bila mzigo, tumia AccelStepper, kodi iliyoandikwa tayari kwa ajili ya Arduino (ile bodi ndogo ya kuprogramu), ipandishe spidi taratibu, ila kwa Arduino ya kawaida usitegemee zaidi ya hatua 4000 hivi kwa sekunde. Shida ya njia hii ni kwamba kwa mizunguko 300 kwa dakika chupa inapanda sentimita 31 kila sekunde, meza inaisha kabla hujaona kitu, kwa hiyo kwa spidi kubwa pitisha kamba juu ya puli kama breki, kila ncha ifungwe kwenye mzani wake, kaza taratibu mpaka mota ikwame, tofauti ya mizani mbili mara nusu kipenyo ndo torki. Kuna spidi fulani za chini ambazo mota inatetemeka vibaya na kupoteza hatua hata kama juu yake na chini yake iko salama, ukiiona hiyo usikae kwenye spidi hiyo, pita haraka.

Na unajuaje imepoteza hatua wakati haijakwama kabisa? Chora alama kwenye puli na kwenye mwili wa mota, iamrishe iende mizunguko kadhaa na irudi. Alama zisipokutana kuna hatua zimepotea, na kwa mota ya nyuzi 1.8 zinapotea nne nne, kwa hiyo utaona imekosea nyuzi 7.2 au 14.4, haikosei kidogo tu.

Kuhusu mikrostepu, yaani draiva kugawa hatua moja kamili kuwa vihatua vidogo, zinafanya mota iende laini na kimya, ila usidhani kila kahatua kadogo kana nguvu ileile. Kwenye 1/16, kahatua kamoja kanatoa kama asilimia 10 tu ya torki ya kushikilia, kwa hiyo ikiwa kuna msuguano shafti inaweza isisogee kabisa mpaka ziwe zimekusanyika kadhaa.

Turudi kwenye mayai maana ndo mradi ninaoulizwa zaidi. Trei tatu za mayai 30, kila yai gramu 60, ni kilo 5.4 bila fremu. Ikiwa uzito huo ukiinama unatoka nje ya mhimili sentimita 3, inahitajika kilo sentimita 16.2, yaani karibu niutoni sentimita 160. NEMA 17 ikifungwa moja kwa moja kwenye mhimili haiwezi, hata ile 40 kamili haifiki popote. Lakini ukifunga skrubu ya T8, ile ndefu yenye nati inayosogea milimita 8 kwa mzunguko, ikasukuma fremu sentimita 10 kutoka kwenye mhimili, inatakiwa kusukuma kilo 1.6 tu, na nikichukulia ufanisi wa asilimia 40 mota inahitaji kama niutoni sentimita 5. Kwa ampea 1 ulikuwa na 16 au 17 ikisimama, na kwa spidi ndogo inashuka kidogo tu, kwa hiyo unabaki na zaidi ya mara mbili ya unachohitaji, na mimi siridhiki na chini ya hapo.

Ila kwa mayai ningechukua T8 inayosogea milimita 2 badala ya 8, mayai hayana haraka, na umeme ukikatika usiku mota inapoteza torki ya kushikilia yote, skrubu ya milimita 8 inaweza kurudishwa na uzito trei zikaanguka upande mmoja, ya milimita 2 inabaki palepale ilipoachwa.